Mwenye Ndege Apewe Spana? Mjadala wa Usoke

Treni ya Kigoma ikitoka Tabora hupita Usoke kabla ya kufika Urambo. Ni ukanda wa misafara ya zamani, ambako wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kati ya Unyanyembe na Ujiji miaka mingi kabla ya reli kufika. Mpagazi wa wakati ule alijua kwamba mzigo ukifunguka porini, hakuna wa kuufunga ila yeye na wenzake. Leo ndege ndogo za watu binafsi, za mashamba, za misheni na za kambi za wanyamapori zinaruka juu ya misitu hii ya miombo, na swali limerudi: chombo kikiharibika mbali na karakana, mikono ya nani iruhusiwe kukigusa?

Hoja iliyo mezani ni hii: mwenye ndege binafsi afundishwe matengenezo ya ndege yake, na akishafuzu aruhusiwe kuyafanya. Wazungumzaji watano nimewatunga ili kila upande usikike. Wameketi Usoke, jioni, karibu na stesheni. Mambo wanayoyataja ni ya kweli.

RUBANI: Shikamoo Mzee, shikamoo Mama. Naomba nianze, kwa sababu ndege ni yangu na shida ni yangu. Ndege yangu, ya shambani kwangu, ina injini moja na viti vinne. Namba yake inaanza na 5H, kama ndege zote zilizosajiliwa Tanzania. Injini ina silinda nne na plagi nane, mbili kwa kila silinda. Oili inabadilishwa kila baada ya saa 50 za kuruka kama kuna filta, na kila saa 25 kama kuna chujio la wavu peke yake. Hizo ni kazi za kawaida kabisa. Sasa niambieni: mwiba ukitoboa tairi yangu kwenye kiwanja cha udongo pembezoni mwa hifadhi ya Ugalla, nifanye nini? Karakana yenye kibali ipo Arusha, ipo Dar es Salaam, au nivuke mpaka hadi Wilson kule Nairobi, uwanja ambao umekuwa kitovu cha ndege ndogo za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mhandisi asafiri siku nzima kuja kubadili tairi moja? Ukimkataza mtu kazi ndogo bila kumpa njia nyingine, ataifanya usiku na hataiandika popote. Nifundisheni, nifanye mchana, niandike na nitie saini.

MHANDISI: Kapteni, shida yako naielewa, maana mimi ndiye ninayepigiwa simu. Lakini kosa la matengenezo halijionyeshi pale pale. Nati isiyokazwa vizuri hukaa kimya, pengine saa 20 za kuruka, ndipo iachie. Na tukiwa angani hakuna pembeni pa kuegesha. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya British Airways, safari namba 5390, iliruka kutoka Birmingham kwenda Málaga. Ilipofika kimo cha futi 17,000 hivi, kioo cha mbele cha upande wa rubani mkuu kiling'oka na hewa ikamvuta Kapteni Tim Lancaster nusu mwili nje. Wahudumu walimng'ang'ania miguu hadi rubani msaidizi alipoishusha ndege Southampton. Lancaster alinusurika. Uchunguzi uligundua kuwa kioo kilikuwa kimebadilishwa siku iliyotangulia safari, na kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko zilizotakiwa. Tofauti ilikuwa chini ya milimita moja! Huo ndio ukubwa wa kosa linaloweza kuua. Wewe mwenye shamba, unayeshika spana mara moja kwa miezi miwili, utaliona?

RUBANI: Umenisaidia bila kukusudia, Mhandisi. Aliyefunga bolti hizo hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mtu wa leseni na uzoefu mrefu.

MHANDISI: Ni kweli, sikatai. Lakini angalia alikosea vipi. Alifanya kazi usiku, watu wakiwa pungufu. Alichukua bolti ya zamani, akailinganisha kwa macho na zilizokuwa stoo, akaridhika. Kitabu cha vipuri kingemwambia namba sahihi. Na hakuna mtu wa pili aliyepita nyuma yake kukagua. Leseni aliiweka kando usiku ule, akafanya kama asiye nayo. Ninachokiogopa kwako ndicho kilichomponza yeye: kuamini jicho na kuacha kitabu, na kufanya peke yako.

MZEE WA RELI: Wanangu, nisikilizeni kidogo. Mimi nimezeekea karakana ya reli Tabora. Nchi hii imewahi kulipia somo hili kwa bei kubwa, tena hapa hapa jirani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, wakauleta na Urambo, na Nachingwea kule kusini. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita. Yalitangulia kufika, na karakana, vipuri na mafundi vikaachwa nyuma. Mwaka wa kwanza haujaisha, karibu theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikuwa yamelala. Udongo mgumu na mvua haba navyo vilichangia, sisemi uongo. Lakini mashine zilikufa kwa kukosa mikono iliyofundishwa. Januari 1951 mpango ukazikwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zimekwenda.

Sasa sikieni upande wa pili. Reli hii ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Juu yake zilipita shehena za meli ya Kijerumani, Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikaingizwa kwenye masanduku takriban 5,000, ikaunganishwa tena Kigoma. Ndege za Wabelgiji zilizoletwa Ziwa Tanganyika mwaka 1916, nazo zikiwa zimefunguliwa, ziliishambulia kwa mabomu. Julai mwaka ule Wajerumani wakaamua kuizamisha wenyewe wasimwachie adui. Wahandisi waliotumwa kuizamisha walizipaka injini grisi nene kwanza, ndipo wakaifungulia maji. Waingereza waliiinua mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, na imewabeba wajukuu wa wapagazi. Hebu fikirini: miaka chini ya maji, na kilichoiokoa ni kazi ndogo ya mikono iliyojua inachofanya. Kupaka grisi! Kwa hiyo, Mhandisi, usiidharau kazi ndogo. Nawe Kapteni, kumbuka waliopaka grisi ile walikuwa wamefundishwa.

KIJANA FUNDI PIKIPIKI: Mzee, naomba kuuliza. Mwenye ndege akiruka kwenda mjini, ndege inaporudi analala nayo nani? Ni mlinzi, ni kijana kama mimi. Ndiye anayesukuma ndege kivulini, anayebeba pipa la mafuta, anayefukuza mbuzi kiwanjani. Mbona mafunzo yanatajwa kwa mwenye mali tu?

MHANDISI: Swali lako ni zito, mdogo wangu, na nitalirudia. Acha kwanza nilikamilishe la Kapteni, maana nina jambo la kusema hata kama linanigusa mimi na wenzangu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwanabiolojia Mwingereza C. H. Waddington alipewa kazi ya kuchunguza ndege za kikosi cha pwani zilizowinda nyambizi. Alipopanga hitilafu kwa saa za kuruka, aliona zinaongezeka mara tu baada ya ukaguzi wa kila saa 50, kisha zinapungua kadiri ndege inavyoendelea kuruka. Yaani mafundi, tena mafundi wa jeshi, walikuwa wakifungua kilichokuwa kizima na kukirudisha kikiwa na kasoro. Kila unapofungua, unakaribisha kosa. Basi ukinipa mwanafunzi mwenye ndege, somo la kwanza nitakalompa ni mambo ambayo hatayagusa kamwe.

RUBANI: Hilo nalikubali hata leo. Nitajie usiyotaka niguse.

MHANDISI: Nyaya na viungo vya usukani. Silinda na vilivyomo. Magneto ndani yake. Pangaboi, zaidi ya kulisafisha na kulitazama. Vyombo vya kupimia kimo na mwendo. Tanki na mabomba makuu ya mafuta. Tarehe 11 Novemba 2018 ndege ya Air Astana, aina ya Embraer, ilitoka matengenezoni Alverca, Ureno. Nyaya za kuinamisha mabawa zilikuwa zimefungwa kinyume. Rubani akielekeza kushoto, ndege inakwenda kulia. Walihangaika angani zaidi ya saa moja, na Mungu akawajalia kutua Beja wakiwa hai. Hiyo ilikuwa karakana kubwa, yenye wataalamu. Ndiyo maana kazi yoyote ya usukani inataka watu wawili wanaojua, mmoja afanye na mwingine akague kana kwamba hamwamini mwenzake.

MAMA MUUGUZI: Sasa mmefika ninapopajua. Wodini, damu haitundikwi kwa mgonjwa mpaka watu wawili wasome jina na kundi, kila mmoja kwa macho yake. Hata kama muuguzi ana miaka 30 kazini, sheria ni ile ile, na wala haoni kuwa amedharauliwa. Lakini mimi nimekuja kumsemea mtu asiyekuwepo hapa. Tangu 1957, Dakta Michael Wood na wenzake walipoanzisha huduma ya madaktari wa ndege kutoka Nairobi, ndege ndogo zimekuwa tumaini la wagonjwa wa pembezoni. Mama mwenye uchungu uliokwama hawezi kungojea barabara ikauke. Anapandishwa ndegeni, na hamuulizi mtu nani alibadilisha plagi. Hajui, wala hawezi kujua. Kapteni akiruka peke yake na spana yake, roho ni yake na ya familia yake inayomtegemea. Akibeba mgonjwa au abiria wa kulipa, roho si zake. Hapo mimi sitaki kusikia habari ya mwenye ndege kujitengenezea.

RUBANI: Mama, hapo hatuna ugomvi. Nchi zilizotangulia zimeweka mpaka huo huo. Marekani humruhusu rubani mwenye leseni kufanya kazi ndogo za kinga kwenye ndege anayoimiliki au kuiendesha, ili mradi haitumiki kwa usafiri wa abiria wa biashara. Orodha imeandikwa kwenye kanuni: kubadili tairi, kubadili oili, kutoa na kusafisha plagi, kubadili betri, taa, pini na waya za kufungia nati. Anaandika kazi aliyofanya, tarehe, namba ya leseni yake na saini. Ulaya nao wanamruhusu mwenye ndege aliye rubani, kwa ndege nyepesi zisizozidi kilo 2,730, tena kwa orodha yenye mipaka. Na tangu 2004 Wamarekani waliweka kozi mbili kwa ndege nyepesi za michezo. Ya saa 16 ilimwezesha mwenye ndege wa kundi fulani kufanya ukaguzi wa mwaka wa ndege yake mwenyewe tu. Ya saa 120 ilimruhusu kutengeneza na za wengine. Watu wanaojua thamani ya maisha walikaa wakapima, wakaona inawezekana.

MHANDISI: Inawezekana kwao kwa sababu mwalimu yuko karibu, vipuri halali viko karibu na mkaguzi yuko karibu. Ukichukua orodha yao ukaacha hivyo vitatu, umechukua karatasi tupu. Mwenye ndege wa huku atanunua plagi wapi? Akiletewa isiyo na cheti, ataitambuaje? Spana yenye kipimo cha nguvu ya kukazia iliyohakikiwa anayo? Plagi ikikazwa kupita kiasi huharibu nyuzi za silinda. Ikilegezwa, moto wa ndani unavuja. Kiasi kimeandikwa kwenye kitabu cha injini, na mkono haukijui kiasi hicho.

MZEE WA RELI: Basi mwalimu aletwe karibu. Tumewahi kufanya hivyo. Mwaka 1971, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua shule ya urubani Soroti, Uganda, na vijana wa nchi zetu tatu wakajifunza kuruka na kutengeneza. Jumuiya ikavunjika 1977, kila mtu akabaki na kipande chake. Leo Dar es Salaam tuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, kinafundisha matengenezo ya ndege. Na Tabora tuna Chuo cha Reli, chenye walimu wanaojua chuma, mafuta ya kulainisha na nidhamu ya karakana. Kwa nini mwalimu wa ndege asipande treni akaja kufundisha wiki mbili Tabora?

KIJANA FUNDI PIKIPIKI: Na mimi nikae darasani?

MHANDISI: Ukae. Nimeahidi kukujibu, na jibu ndilo hilo. Kozi hii naigawa mafungu manne, na fungu la kwanza ni la kila anayelala na ndege.

La kwanza ni kutazama. Tabora ni nchi ya asali, na pasipokosa nyuki hapakosi nyigu. Nyigu hupenda tundu dogo, na bomba linalopima mwendo wa ndege lina tundu dogo. Mwaka 1996 ndege ya Birgenair ilianguka baharini baada ya kuondoka Puerto Plata, watu wote 189 wakafa. Kipimo cha mwendo kilidanganya, na wachunguzi walidhani bomba lilizibwa na kiota cha nyigu ndege ilipokuwa imeegeshwa bila kifuniko. Kitambaa cha kufunika bomba ni cha bei ndogo sana, na kijana huyu anaweza kukisimamia kila jioni. Vile vile atazame tundu la hewa la tanki, chujio la hewa wakati wa vumbi la kiangazi, mawe yaliyodonoa pangaboi na oili iliyodondoka chini. Amwage mafuta kidogo kutoka chini ya tanki kila asubuhi aone kama kuna maji, hasa mafuta yakitoka kwenye pipa.

La pili ni kuandika. Waswahili wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Ndege isiyoandikwa saa zake, oili iliyoongezwa na kasoro iliyoonekana, hata mimi nikifika sijui nianzie wapi. La tatu ni zile kazi ndogo za orodha, na hizi ni za rubani mwenye ndege aliyepimwa na mimi akizifanya mbele yangu kwanza. La nne ndilo gumu kuliko yote, nalo ni kukataa kuruka. Mwenye ndege anayejua kuona kasoro, lakini ana miadi mjini na wageni wanamsubiri, anahitaji kufundishwa kusema leo haturuki.

RUBANI: Kazi zangu nitazipeleka wapi zikaguliwe?

MHANDISI: Kila nikija kwa ukaguzi wa mwaka nafungua daftari lako na kuangalia ulichokifanya. Nikiona kazi isiyoandikwa, ruhusa yako inakoma.

MAMA MUUGUZI: Na siku ya kubeba mgonjwa?

MHANDISI: Ndege inayobeba watu kwa malipo, au inayohudumia wagonjwa kwa ratiba, matengenezo yake yote yabaki kwa karakana yenye kibali. Hapo sina neno lingine, Mama.

MZEE WA RELI: Basi naona mmekutana njiani. Mlikuja mkigombania spana, kumbe mnachohitaji nyote ni darasa.

Uamuzi wa mwandishi

Nimezisikiliza sauti hizi zote, na naiunga mkono hoja kwa masharti aliyoyaweka Mhandisi na mpaka aliouweka Mama Muuguzi. Sababu yangu kubwa ni umbali. Katika mkoa ambao karakana ya ndege iko safari ya siku nzima, mwenye ndege asiyejua kitu ni hatari zaidi kuliko aliyefundishwa kiasi, kwa sababu hataiona kasoro, na akiiona hataelewa uzito wake. Ajali ya 1990 na ile ya kunusurika ya 2018 hazithibitishi kuwa wenye leseni hawafai. Zinathibitisha kuwa kitabu, mtu wa pili na daftari ndivyo vinavyolinda maisha, na vitatu hivyo vinaweza kufundishwa kwa yeyote mwenye nia.

Sikubaliani na Rubani anapoanza na orodha ya kazi atakazoruhusiwa. Mafunzo yaanze na kutazama na kukataa, na spana ije mwisho. Wala sikubaliani na Mhandisi pale anapofanya ukosefu wa walimu na vipuri huku kuwa sababu ya kuacha. Ukosefu huo ndio kazi yenyewe inayotungoja.

Kwa hiyo naziomba pande tatu. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania itoe mwongozo mfupi kwa Kiswahili chepesi, unaosema wazi kazi anazoweza kufanya rubani mwenye ndege binafsi na zile asizoruhusiwa kamwe, na uwafikie wenye viwanja vya udongo popote walipo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kipeleke kozi fupi mikoani, na Tabora, yenye reli na chuo chake cha ufundi, iwe ya kwanza. Na ninyi wenye ndege, mkienda darasani nendeni na kijana anayelinda ndege yenu. Mlipieni ada, mpeni daftari, na akisema ameona kitu msiruke mpaka mhandisi amekitazama.